Mama Anataka Picha Yenye Miguu

Kilole, Korogwe
20 Aprili 2024

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Na Mama naye mpe shikamoo yangu, mpe kwa sauti, maana najua barua hii utamsomea mara mbili, halafu ataikunja ailaze chini ya godoro pamoja na zile za marehemu Baba. Mimi na simu basi tena. Mama alishatoa hukumu kwamba maneno ya simu ni upepo, na mimi ni nani nikate rufaa. Nimempa Matayo, konda wa basi la Handeni, atakuletea mpaka hapo Sindeni kwa heshima zote. Akichelewesha niambie, nitamnyima urafiki.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Dada, kuna watu wamezaliwa na nyota, halafu kuna mimi niliyezaliwa na umeme mzima wa bwawa la Hale. Sikiliza. Hapa studio kwa Mwalimu Ponsiano, kwenye mafunzo ya picha, tuko wanafunzi kumi na wanne. Wapo wenye kidato cha nne, mmoja ana diploma ya ualimu. Mimi nina darasa la saba na malori ya Lubumbashi. Basi siku ya kugawa kamera mwalimu akatupita mmoja mmoja, anatutazama machoni kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Alipofika kwangu akasimama. Akasema, "Huyu ana jicho." Akanikabidhi kamera ya studio mbele ya wote, ndiyo ile niliyokuja nayo Idd. Wenzangu wakabaki kumeza mate. Yuko binti mmoja wa Kwashemshi, Asnath, naye si mbaya, anajitahidi. Huyo ndiye anayenishikia ubao mweupe, ule wa kurudishia mwanga usoni mwa mtu. Kila mkubwa ana mshika ubao wake.

Sasa picha za Mama. Mwambie zimetoka. Zimetoka mpaka mwalimu akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Si unakumbuka nilivyowaletea ile ndoo ya chokaa, nikapaka ukuta wa mbele siku moja kabla ya Idd, nikamkalisha Mama pale saa sita mchana na ushungi wake mweupe? Weupe juu ya weupe. Mlitaka kuziona pale pale kwenye kioo cha kamera nikawakatalia, nikasema picha ni kama bada ya muhogo, haiepuliwi mbichi. Nilijua ninachokifanya. Nimeipeleka moja Tanga ikawekwe kwenye fremu ya kioo, kubwa kama mlango wa chumba cha uani. Tanga kuna foleni, kwa hiyo mvute subira.

Mahindi yamesimama baada ya mvua hizi? Na yule beberu mwizi bado yuko hai?

Mdogo wako mwenye jicho,
Mdoe

---

Sindeni, Handeni
11 Mei 2024

Mdogo wangu Mdoe,

Marahaba. Mama naye ameitikia, mara mbili kama ulivyosema. Sisi hatujambo. Mahindi ya bondeni yamelala kwa maji, ya juu yamesimama. Beberu yuko hai na amekula kapu la Husna, lile la ukindu ambalo mwanangu alilisuka mwezi mzima. Husna analia, beberu anacheua.

Mama amefurahi na habari za jicho lako. Amewatangazia kisimani, amewatangazia msikitini upande wa wanawake. Sasa mtu akipita hapa anaulizwa kama anajua mwanawe alichaguliwa kati ya kumi na wanne. Nakuambia ili ujue.

Ana swali moja. Anasema alikuuliza siku ile ya Idd ukamwambia atulie, na yeye akatulia, lakini hukumjibu. Anauliza kama picha ina miguu. Namnukuu: "Kichwa kitupu ninacho tayari kwenye kitambulisho cha taifa, na humo nimefanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Kichwa kitupu ni picha ya kubandikwa kwenye jeneza la Wakristo. Mimi nina miguu. Miguu hii imenitoa Kwamatuku mpaka hapa, Mwanaidi mgongoni na Mdoe tumboni. Nataka nijione nilivyo, mzima, toka utosini mpaka kisiginoni." Amesema nisipunguze neno.

Ujue, Mdoe, hajawahi kujiona. Kioo chetu unakijua, ni kile cha kiganja alichokiacha Baba cha kunyolea ndevu.

Mengine ni ya kawaida. Jana alimimina chai nje ya kikombe akamtukana paka. Bega la kushoto lina mchubuko, aligonga mwimo wa mlango ambao upo hapo tangu sijazaliwa.

Anauliza fremu inakuja lini. Usichelewe.

Dada yako,
Mwanaidi

---

Kilole, Korogwe
9 Juni 2024

Dada Mwanaidi,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Kazi zimenibana mpaka nakula nimesimama. Idd ya kuchinja sitafika, kuna harusi mbili huku na wenyewe wamesema bila Mdoe hawaoani. Mniwekee paja. Mwambie Mama paka hana hatia, wa kulaumiwa ni kikombe. Na huo mlango nao aupige faini.

Fremu inakuja. Tanga wamesema kioo cha ukubwa ule kinaagizwa.

Ngoja nikwambie ninachojifunza, ujue mdogo wako si mtu wa kubonyeza kidude tu. Mwalimu anasema mwanga wa picha una mabwana watatu. Wa kwanza ni tundu la lenzi. Hilo ni dirisha, unalifungua sana au kidogo. Wa pili ni kasi, yaani muda unaoliacha wazi. Wa tatu wanamwita ISO, na hiyo mimi naiita njaa ya kamera: ikiwa na njaa sana inakula hata giza, lakini itatapika chenga juu ya picha nzima. Ukikosea mabwana hawa, mwanga ukizidi umepata uji, mwanga ukipungua umepata bada iliyoungua.

Halafu kuna kupanga picha. Unachukua dirisha la nondo, nondo mbili zimesimama na mbili zimelala, unaliweka kichwani mwako juu ya kila unachokitazama. Mtu usimweke katikati kama nguzo ya umeme. Mweke pembeni, pale nondo zinapokatana, ili picha ipumue. Tangu nijue hilo nawaona watu wa stendi wote wako ndani ya nondo.

Nikuchekeshe kidogo. Yuko mwanafunzi mmoja hapa, jina nalihifadhi maana ana familia, alikwenda kwao akampiga mama yake picha mbele ya ukuta wa chokaa, jua la utosi. Kumbe kamera, Dada, ni mjinga. Haijui mama ni nani na ukuta ni nani. Ikiona weupe mwingi inadhani dunia nzima imewaka, inafumba jicho. Ukuta ukatoka mzuri, unahesabu mpaka nyufa. Mama wa watu akatoka mweusi tii kama kitako cha sufuria, macho hayaonekani, pua haionekani, ushungi mweupe unaelea juu ya kiza. Mwalimu akamwambia mbele ya darasa, "Soma mwanga usoni pa mtu, bwana, ukuta hauna habari na wewe." Tukacheka. Na yeye alicheka, nadhani.

Miguu ipo kwenye picha. Mwambie Mama ipo.

Mdogo wako,
Mdoe

---

Sindeni, Handeni
30 Juni 2024

Mdogo wangu Mdoe,

Marahaba. Idd imepita salama. Paja lako Mama alilikausha juu ya moto siku tatu akikusubiri, siku ya nne tukalila. Husna amesuka kapu lingine, safari hii analitundika.

Nimemcheka huyo mwanafunzi mwenzako. Mama yake nimemhurumia zaidi. Alikaa juani amevaa vizuri, hakujua kitu. Mwambie, kama ana haya ya kurudi kwao, aimeze arudi. Mama haoneani haya na mtoto aliyetoka tumboni mwake.

Kisimani nimemkataza Mama kwenda peke yake. Njia imebomoka. Amenuna wiki nzima, ananiambia kisima amekijua kabla ya mimi kukijua chuchu.

Anasema fremu ije kabla ya mvua za vuli. Usiniulize kwa nini vuli. Ije tu.

Mwanaidi

---

Kilole, Korogwe
28 Julai 2024

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mimi mzima, wa huku wazima. Leo sina habari za harusi.

Juzi Matayo alikuja hapa studio kupiga picha ya leseni. Nikamkalisha, namwinua kidevu, mtu anaongea tu kama kawaida ya makonda. Akasema, "Mama yako siku hizi ameshuka, kaka. Nilimshika mkono kwenye ngazi za basi, mguu unatafuta ngazi ilhali ngazi iko hapo." Nikamuuliza lini. Akasema mwanzo wa mwezi, mlikuja naye Korogwe, mkashuka stendi mkapanda gari la Tanga.

Dada. Mlishuka stendi ya Korogwe. Kutoka pale mpaka Kilole bodaboda haimalizi hata dakika kumi. Hamkunipigia. Simu yako ya kitochi najua ilikuwa kwenye pindo la kanga, na salio ulikuwa nalo maana wewe hukosi.

Halafu nimezitoa barua zako nikazisoma upya. Chai nje ya kikombe. Bega. Kisima. Mimi nimetaniana na mlango na kikombe kama mpuuzi. Nimekuwa utingo wa malori miaka sita, nimelala chini ya lori mpakani Kasumbalesa na majambazi wanapita ninahesabu viatu vyao, moyo wangu haukupiga kama ulivyopiga nikisoma habari za paka.

Mlikwenda Tanga kufanya nini? Usinipe mahindi wala beberu. Nijibu hilo. Hii usimsomee Mama.

Mdoe

---

Sindeni, Handeni
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Mdoe,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nimeapishwa, na kiapo cha Mama unajua kilivyo, anakushikisha ziwa lake.

Tulikwenda kwa daktari wa macho. Mama ana presha ya macho. Si mtoto wa jicho, ule wanautoa mtu akarudi anaona. Hii imekula polepole miaka mingi kuanzia pembeni, yeye akidhani ni uzee. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Tumepewa matone, asubuhi na jioni, ya kuzuia hicho kilichobaki, na daktari hakuficha, alisema tumefika tumechelewa. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kuku akiwa mbele yake anamwona mpaka kidole. Kuku akisogea hatua moja pembeni, kwake huyo kuku amekufa. Nilimuuliza daktari lini. Akasema hawezi kuapa, huenda mwisho wa mwaka, huenda zaidi kidogo.

Ndiyo maana ya vuli. Anataka ajione kabla jicho halijafunga.

Umeuliza kwa nini tulipita stendi kimya. Mimi nilikwisha kuitoa simu. Akanishika mkono pale pale kwenye viti, akasema, "Mwache. Amefanya ufundi cherehani miezi miwili akaacha. Amefanya uchomeleaji akaacha. Malori yalimwacha yeye. Hiki ndicho kitu cha kwanza amekishika zaidi ya miezi mitatu, na wamemchagua. Akijua, atakuja mbio na hatarudi shule. Mimi macho yangu yameshaona mengi. Yeye ndiyo kwanza anafundishwa kuona."

Sasa nimevunja kiapo. Dhambi tugawane.

Mwanaidi

---

Kilole, Korogwe
15 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi na kamera. Mama mwambie nimepata likizo. Asivae ushungi mweupe, avae ile kanga ya njano, doti nzima. Chokaa isiguswe, na jikoni pasifagiliwe masizi.

Mdoe

---

Kilole, Korogwe
1 Septemba 2024

Dada Mwanaidi, na Mama uliyekaa hapo pembeni unasikiliza,

Shikamooni wote wawili. Nilifika salama. Mihogo mliyonifungia imefika nusu, nusu nyingine muulizeni Matayo.

Ndani ya bahasha hii kuna picha. Imefungwa kwenye karatasi ngumu, Dada usiikunje. Kabla hujampa Mama, msomee kwanza, maana najua atauliza mbona ndogo, mbona kiganja kimoja tu, na mwanawe ana mikono mikubwa hivyo.

Mama, habari za macho yako ninazo, Dada usimgombeze. Siku moja kabla sijaja nilikunja gazeti nikafanya bomba, nikafumba jicho moja, nikashinda nalo studio toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nilitaka niingie jichoni mwako nikae humo kidogo. Nimepigana na milango mitatu. Nimeangusha miguu mitatu ya kusimamishia kamera, Asnath akaniuliza kama nimelewa. Nikasimama mbele ya picha kubwa ya ukutani, ya bibi harusi, nikatazama kwa bomba langu. Nikaona sikio. Nikasogeza, nikaona ua. Bibi harusi mzima sikumpata. Halafu nikachukua picha ndogo ya mkononi, nikanyoosha mkono, nikamwona mtu mzima, kichwa, tumbo, viatu, wote wako ndani ya bomba. Nikajua saizi yako.

Ndiyo sababu ya jikoni pia. Nilikusikia ukimlalamikia Dada nilipokwenda kunawa: "Miaka hamsini niko jikoni, leo picha yangu nayo anaipigia jikoni! Hata sebule siistahili?" Unaistahili, Mama. Lakini ule ukuta wa masizi ni mweusi kuliko kitu chochote hapo nyumbani, na ukikaa mbele yake, mlango wazi, mwanga wote unakujia wewe. Kamera nimeisomesha usoni mwako, ukuta sikuuuliza kitu. Halafu nikaongeza mwanga zaidi ya kipimo, kwa makusudi. Jicho lako limekuwa bahili, kwa hiyo picha inabidi iwe karimu.

Miguu ipo. Viatu vipya nilivyokuletea ulivivua ukavisukuma pembeni, ukasema umekuja wewe, havijaja viatu. Sikubisha. Visigino vyako na mipasuko yake yote vimo.

Mwalimu Ponsiano alipoiona alikunja uso. "Umemweka katikati kama nguzo ya umeme. Na mwanga umezidi." Nikamwambia, "Mwalimu, najua. Nondo zako ni za watu wenye dirisha zima. Mama yangu amebakiwa na tundu la ufunguo." Baadaye akaniomba nakala moja aibandike darasani, nikamkatalia, hiyo ni ya Mama kwanza.

Na wewe Dada, ulivyolishika lile sinia la bati mlangoni kurudisha mwanga! "Inua. Shusha. Lalia kushoto." Ukaniuliza nani kanifundisha kuamuru mtu mzima. Mkono wako haukutikisika hata mara moja.

Ile kubwa ya Tanga nayo inakuja. Kioo ndicho kinachosumbua.

Mdoe

---

Sindeni, Handeni
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Mdoe,

Marahaba, na ya Mama hiyo hapo juu yake.

Nilimsomea kwanza kama ulivyotaka. Halafu nikampa. Aliishika kwa mkono wa kulia, akaunyoosha, akaanza kuisogeza taratibu, mbele, nyuma, kama mtu anayetafuta mlio wa redio. Halafu mkono ukasimama. Husna alitaka kusema kitu nikamkonyeza. Mama alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Neno la kwanza alilosema ni, "Kumbe nimefanana na mama yangu." Bibi sisi hatukumwona, Mdoe. Sasa tunaye. Halafu akasema, "Miguu hii hapa. Yote miwili." Akacheka mpaka akakohoa.

Analala nayo. Haiko chini ya godoro na barua, iko kwenye foronya. Asubuhi matone yakishakauka anaitoa, ananyoosha mkono, anahakikisha yumo, anairudisha.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Siku za basi la Matayo, Jumanne na Ijumaa, Mama anachukua kigoda anakwenda kukaa kando ya barabara. Anasubiri fremu ya Tanga. Nimemwambia hii ndogo inatosha. Anasema hii ndogo ni yake ya kujiona yeye, ile kubwa ni ya watu wamwone mwanawe. Amekwisha kumpa fundi Enock kazi ya kupiga misumari miwili sebuleni, mirefu, ya kubeba kitu kama mlango. Misumari imepigwa. Wageni wanaoneshwa misumari. Wanaambiwa hapo itakaa kazi ya aliyechaguliwa kati ya kumi na wanne.

Juzi jua lilikuwa kali, gari likapita vumbi likamfunika, halikusimama. Yeye hakuliona lilivyopita pembeni. Akaendelea kulisubiri gari lililokwisha kwenda. Nilimkuta hivyo.

Mimi sikuulizi kitu. Wewe ndiye unayejua kilichoko Tanga.

Mwanaidi

---

Kilole, Korogwe
29 Septemba 2024

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Barua hii isome yote kwa sauti, na usiruke mstari hata kama mimi mwenyewe ningependa uuruke. Mwite na Husna. Kama fundi Enock yuko karibu, naye akae.

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Mafunzo yamebaki wiki tatu na sijaacha. Hilo ni kweli, shika hilo kwanza, kwa sababu mengine yanayofuata hayana utamu.

Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza nilikuandikia kwamba gari lililobeba fremu limepinduka Muheza. Nilikuwa nimeshaandika mpaka jina la dereva. Asnath akaichukua mezani akaisoma, ana tabia hiyo, akaniuliza, "Kaka Mdoe, huyo dereva amekufa au amejeruhiwa?" Nikasema sijaamua. Akanirudishia. Akasema, "Yule mama wa kwenye picha ndiye unayemwandikia hivi?" Akaenda zake kufagia. Nikaichana.

Kwa hiyo inuka hapo kando ya barabara, Mama. Kigoda kirudi ndani. Matayo hana mzigo wako.

Jicho langu hakuna aliyelisifu. Siku ya kugawa kamera mwalimu alituandika kwenye karatasi, kila mwanafunzi siku tatu, kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia Idd. Bahati yangu yote ni hiyo, kalenda. Aliyechaguliwa kupiga harusi za studio ni Asnath, na kachaguliwa kwa haki, binti huyu anaona mwanga kabla haujafika. Mimi ndiye ninayemshikia yeye ubao. Toka Machi nasimama juani nimeinua ubao mweupe, yeye ananiambia inua, shusha, lalia kushoto. Ndiyo maana nilijua kumwelekeza Dada lile sinia. Hizo harusi mbili za Idd ya kuchinja nilikwenda kweli, nikashika ubao. Nilikataa kuja kwa sababu ningekuja ungeniuliza picha.

Ile ndogo uliyo nayo kwenye foronya ni ya kweli. Niliomba kamera siku isiyo yangu, mwalimu akanipa, nikaipiga mimi, na kila kitu nilichokueleza juu yake ni hivyo hivyo. Usiitoe kwenye foronya kwa hasira. Ukitaka kunikasirikia, kasirikia misumari. Husna atundike kapu lake hapo, beberu hatafika.

Dada, ulijua. Tangu ile barua ya mwanafunzi niliyemhifadhia jina, ulijua. Asante kwa kumhurumia mama yake.

Nitakuja kozi ikiisha, na safari hii nitakaa. Nitakushika mkono kwenda kisimani, nawe utanisimulia njia.

Mama, ukuta wa chokaa uling'aa. Wewe hukutoka. Picha za Idd zilikuwa arobaini na moja, na zote zilitoka nyeusi. Mwalimu alijaribu kuziongezea mwanga kwenye kompyuta, uso ukaja wa majivu. Tanga sijapeleka kitu. Fremu haipo, haijawahi kuwepo. Nilikudanganya.

Mwanao, mshika ubao,
Mdoe